Aliyekula Nyumba Mbili

“Unalisha bwana yangu, Ya Sido! Unamulisha nyuma ya mugongo yangu kama mbuzi ya Noël!”

“Miye? Kupatia mutu chakula njo imekuwa zambi mu Bulaya?”

“Kama haiko zambi, juu ya nini anakuyaka kwako na soksi tu, viatu mu mukono kama mwizi?”

Hilo la viatu lilimkata Sidonie kauli, maana lilikuwa kweli tupu. Papa Rigobert, huyo mume mwenyewe, alikuwa akivuka ile nafasi ndogo kati ya milango yao miwili kwa soksi ili majirani wasimsikie, na majirani wote walikuwa wakimsikia. Katika majengo haya ya commune, serikali ya mtaa, huku Anderlecht mjini Brussels, kuta ni nyembamba hivi kwamba jirani akipiga chafya unamwitikia “santé” ukiwa kitandani kwako. Sasa wanawake wawili wanagombana kwenye ngazi mchana kweupe, nani angebaki ndani? Ghorofa ya tatu nzima ilikuwa milangoni. Gracieuse wa ghorofa ya nne alishuka na mfuko wa takataka usio na kitu ndani, akasimama nao kama mtu anayesubiri basi.

Kwetu mwanamke akimkaripia mwenzake kwamba anamlisha mumewe, hakuna anayefikiria sufuria. Watu walikuja kusikia habari ya kitanda. Wakakuta habari ya bukari, ule ugali wetu.

Kahambu, mkewe Rigobert, alikuwa bado na blauzi yake nyeupe ya kazi. Mnande wa Butembo, mwembamba, mtu wa maneno machache, mhudumu wa wazee katika nyumba moja kule Uccle. Siku hiyo alirudi kabla ya saa zake, akaona mlango wa Sidonie umeachwa wazi kidogo, akasukuma. Akamkuta mumewe mezani kati ya watu wengine watatu, mkono umezama kwenye sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, mafuta ya mawese yanamtiririka hadi kwenye saa ya mkononi. Rigobert alikuwa anacheka. Pengine ndicho kilichomuuma Kahambu kuliko bukari yenyewe, kwa sababu kwake alikuwa hajamsikia akicheka sijui tangu lini.

Sidonie hakuwa mtu mbaya, na asiyemjua asije akadhani vingine. Alikulia Lubumbashi katika nyumba ambamo sufuria haikuwahi kuoshwa ikakauka. Mumewe alipofariki na kijana wake Hénock alipohamia Ganshoren na mkewe, aliapa kwamba meza yake haitakaa tupu, na haikukaa. Ukipita kwake saa za mchana ulikuta wanafunzi, mama wa kanisa, na mtu aliyekuja juzi kuomba chumvi akasahau kuondoka. Bukari katikati, sombe pembeni, bitoyo, wale samaki wa chumvi, wamekaangwa mpaka wanalia. Watu wananawa, mikono inaingia, na habari za mji zinaingia pamoja na mikono: nani kaoa, nani kaachwa, mchungaji gani kanunua gari la aina gani. Sidonie akisikia kicheko cha watu walioshiba, usiku alilala usingizi.

Rigobert alikuwa mtu wa depo, mpakua mizigo, mpaka miguu ilipoanza kufa ganzi na daktari akamwambia ana sukari. Kahambu alipokea ile habari kama askari anavyopokea amri. Alinunua mizani ndogo ya jikoni. Akapima wali, akapima viazi, akamchuna kuku ngozi, akaondoa mawese nyumbani kama mtu anayetoa pepo. Kila siku kabla ya kupanda metro kwenda kazini alimwachia mumewe chakula kwenye boîte ya plastiki yenye kifuniko cha buluu, maboga upande huu, maharage upande ule. Hakukosea hata punje.

Rigobert alikuja kwa Sidonie mara ya kwanza kuazima bisibisi. Akakuta watu wanakula. “Karibu, papa,” wakamwambia, na mtu wa Kongo aliyelelewa hawezi kusema hapana mara mbili. Akaketi. Sidonie, ambaye macho yake yalisoma walaji kama wengine wanavyosoma magazeti, aliona kwamba yule baba hakuwa mlafi. Aliweza kushika tonge mpaka likapoa, kwa vile alikuwa anasimulia jinsi baba yake alivyouza ng'ombe kipofu sokoni Butembo. Kesho yake alirudi kurudisha bisibisi, na bisibisi ilirudi ikaazimwa, ikarudishwa, hata wote wawili wakaona haya, wakaiacha kwenye droo.

Je, Sidonie hakujua ni mgonjwa? Alijua, jengo zima lilijua. Lakini alikuwa na sayansi yake. Ugonjwa ni wa sukari, basi yeye sukari hakumpa. Alificha Fanta. Chai alimmiminia kavu. Akileta mikate, yale maandazi ya duara, aliipitisha juu ya kichwa cha Rigobert kwenda kwa wengine na kusema, “Papa Rigo, funga macho.” Ila bukari? Nani amewahi kulamba bukari akaona utamu? Kwa hiyo alimjazia, na moyo wake ulikuwa mweupe.

Ng'ambo ya pili, kwa Kahambu, Claudine, muuguzi wa mtaa mwenye nywele za mvi aliyempitia Rigobert mara moja kwa juma, alitazama kile kifaa cha kupimia damu akatikisa kichwa. Sukari ilikuwa juu. Kahambu akaapa kwamba chakula chote kinapimwa. Rigobert akatazama kandambili zake. Daktari akaongeza insulini. Juma lililofuata sukari bado iko juu, akaongeza tena. Kila asubuhi Rigobert alijidunga tumboni, akaonja kidogo ile boîte kwa heshima, kilichobaki akakitupa, akavua viatu.

“Bukari yangu haina sukari!” Sidonie alipata sauti yake tena pale ngazini. “Uliza hawa batu bote! Hata Fanta sikumupatiaka, hata siku moja!”

“Bukari njo sukari yenyewe, Ya Sido! Ikifika mu tumbo inageuka! Kumbe docteur anaongeza sindano, anaongeza sindano, siye tunalia tunasema ugonjwa ni mukali, na ugonjwa njo weye, ku mulango ya mbele!”

“Bon. Basi mupatie chakula ya batu, asikuye kwangu! Mwanaume muzima unamupimia wali na kijiko kama kuku ya muzungu!”

Gracieuse alicheka, halafu akajifanya anakohoa.

Kahambu aliegemea ukuta, na sauti iliposhuka ilitisha zaidi kuliko kelele. “Ya Sido. Nilikuita Ya, kama dada yangu mukubwa, tangu nilifika mu hii nyumba. Sikuombe kintu ingine. Akikuya tena, usimufungulie.”

“Simufungulie?”

“Usimufungulie. Unataka anifie?”

Watu wote wakamtazama Sidonie. Ni vibaya kuombwa jambo mbele ya watu, lakini vibaya zaidi ni kulijibu mbele yao, kwa sababu jibu la mbele ya watu linajibiwa na kiburi. “Ninaapa na kaburi ya mama yangu,” alisema na kidole juu. “Hata alie, sitamufungulia.”

Rigobert, ambaye wakati wote alisimama katikati na vidole vyake vya mafuta vikiwa vimetengana kama vya mtoto, alisema tu, “Nisameheni, bamama.” Akaingia kwake.

Kesho yake saa za mchana alibisha.

Sidonie alikuwa amewaambia wageni wake wapumzike kidogo, mambo yatulie. Alikuwa jikoni peke yake na sufuria iliyozidi. Aliujua ule mbisho, wa kucha moja, wa mtu mwenye adabu. Akazima redio. Akazuia hata pumzi. Yeye, Sidonie, ambaye tangu azaliwe hajawahi kusikia mtu mlangoni asiseme “ingia” kabla hajauliza nani, alisimama katikati ya jiko lake kama anayejificha na wadai.

“Maman Sidonie,” sauti ikasema nyuma ya mlango. “Sikukuya kula. Nimekuya kuikala tu.”

Mkono wake ulifika kwenye kitasa, ukakumbuka kaburi la mama, ukarudi. Alimsikia akisubiri. Kisha akasikia zile soksi zikirudi taratibu, na mlango wa pili ukifungwa bila kelele.

Alirudi kesho yake, na siku iliyofuata. Halafu hakuja tena. Sidonie akajiambia amezoea. Alipokutana na Kahambu kwenye lifti walisalimiana kwa videvu tu. Wangeweza kuambiana maneno mawili pale, moja la huku na moja la kule, lakini kila mmoja alikuwa bado ameshikilia hasira yake kama mkoba kwenye metro. Kahambu alikuwa na furaha yake ya siri. Kila jioni aliikuta ile boîte tupu, imeoshwa, imegeuzwa kukauka. Alidhani mumewe amekubali.

Kisha ikaja siku ya mvua nyepesi, na Claudine alikuwa bado hajafikia zamu yake ya juma. Saa za mchana mlango wa Sidonie uligongwa kwa kofi, na huo mbisho nao aliujua.

“Ya Sido, toka uone sinema!” Alikuwa Gracieuse, macho yanamwaka. “Papa Rigo amelewa! Eko pale ku ngazi, jasho inamuvuya kama alitoka mu maji, anasema Kinande na batu haiko! Nimemusalimia, ananiita jina ya mama yake!”

Sidonie alifungua kiasi cha uso wake kupita. Aliona mgongo wa Rigobert, ameketi kwenye ngazi ya pili, shati limemgandia. Alikuwa anainamisha kichwa kama anayemsikiliza mtu mfupi. Moyo wa Sidonie ulishtuka, maana hakuwahi kumwona yule baba akigusa pombe. Lakini akasema moyoni: ndivyo wanavyoanza. Amenyimwa meza, ameenda kwenye bia. Na huyu Gracieuse akiniona nimemkaribisha, kabla ya jioni mpaka Wakongo wa Matonge watajua nimevunja kiapo changu.

“Niliapa,” alisema. “Mwache. Bibi yake atamukuta.”

Akafunga.

Gracieuse alipanda juu kuwapigia wengine simu, maana habari kama ile haikai. Aliyepiga simu ya maana alikuwa mpeleka vifurushi, Mmoroko kijana asiyemjua mtu yeyote mle ndani. Alipandisha mzigo, akamkuta mzee amelala kwenye ngazi, akaita ambulansi bila kuuliza yeye ni nani wala amekunywa nini. Sidonie aliposikia buti za watu wa ambulansi alitoka mbio bila kitambaa kichwani. Mmoja wao alikuwa anamchoma Rigobert kidole, akatazama kifaa, akasema neno fupi kwa mwenzake, na wote wawili wakaanza kufanya haraka.

Hakuamka. Walimweka hospitali siku chache kwenye mashine, Kahambu na binti yake Hadassa kila upande wa kitanda, kisha hakukuwa tena na sababu ya mashine.

Hospitali waliuliza alikula nini asubuhi ile. Kahambu akasema chote, boîte ilikuwa tupu. Ni aliporudi nyumbani kutafuta suti ya kumzikia ndipo alipofungua pipa la takataka la uani, lile la mabaki ya chakula, na kuona maboga yake. Yalikuwa yamekatwa kwa usawa, jinsi anavyokata yeye. Yalikuwa ya siku nyingi.

Claudine ndiye aliyeeleza. Alikuja kwenye msiba na koti lake lenye mvua, akaketi jikoni kwa Kahambu, na alipomaliza kueleza alilia kuliko ndugu. Ile insulini ilikuwa imepimwa kwa chakula cha nyumba mbili, alisema, na yeye hakujua kuna nyumba ya pili. Nyumba ya pili ilipofungwa, na chakula cha ile ya kwanza kikaenda kwenye pipa, sindano iliendelea kuwa ile ile. Kila asubuhi ilikuta tumbo tupu. Jasho, maneno yasiyoeleweka, kuona watu wasiokuwapo: hiyo haikuwa pombe. Kipande cha mkate na glasi ya maji ya matunda, pale ngazini, vingetosha.

Hata Fanta, Sidonie alifikiri alipoambiwa. Fanta niliyokuwa nikimficha.

Matanga yalifanyika kwenye ukumbi wa parokia, kwa kuwa barabara za kwenda Butembo zilikuwa na vita na maiti haingefika. Tangu Sidonie afike Brussels hapakuwa na msiba wa watu wetu ambao yeye hakusimama juu ya sufuria, mikono ya gauni imekunjwa, akiamuru vitunguu kama jenerali. Safari hii alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mikono mapajani. Wanawake wa jikoni walimwita. Hakwenda. Alisikia watu wakigawana hukumu pamoja na wali. Nusu ya ukumbi ilisema mke alimnyima chakula mpaka akafa. Nusu nyingine ilisema jirani alimlisha mpaka akafa. Gracieuse alikuwa na pande zote mbili, kutegemea ameketi na nani, lakini la ngazi hakuligusa. Na wale wawili, Kahambu mbele chini ya kitambaa cheusi na Sidonie nyuma kabisa, hawakutazamana, ingawa ndani ya ukumbi ule ni wao peke yao waliojua kwamba nusu zote zilikuwa na haki.

Baada ya hapo meza ya Sidonie ilikufa. Wanafunzi walibisha, wakaambiwa kichwa kinamuuma. Mama wa kanisa walileta mayai, wakayaacha chini. Yeye mwenyewe hakuweza kupika. Akikoroga bukari, aliona ule mgongo wa shati. Akinunua maboga pale soko la Abattoir, aliona pipa. Kwa hiyo alikula biskuti na chai, amesimama dirishani, akiangalia kituo cha metro cha Bizet kikimeza watu na kuwatapika.

Claudine alipokuja kupima majirani, kwa kuwa msiba ule ulikuwa umemwamsha na alitaka kupima kila kidole mle ndani, Sidonie alinyoosha chake bila kufikiri. Ikaonekana na yeye anayo sukari. Siyo kali, Claudine alisema, ndiyo kwanza inaanza, na kwa chakula na kutembea unaweza kuishi nayo hadi uchoke kuishi. Hakuhitaji sindano. Alimshika mkono, akamwambia kwa Kifaransa chake cha polepole kwamba hakuna aliyemkataza kula. Mboga zenu zile, sombe, lengalenga, maharage, nani anazo nzuri kama ninyi? Ni kiasi cha bukari tu, na mafuta, na chumvi.

Sidonie aliitikia, oui, oui. Lakini alichosikia ni kifuniko cha buluu kikifungwa. Alikuwa ameona mtu anayekula kwa kupimiwa anaishia wapi. Akamwambia Hénock kwenye simu, “Bon, mutoto yangu, na miye zamu yangu imefika,” na kijana akaja mbio kutoka Ganshoren na begi la matunda. Matunda yakaozea mezani. Siyo kwamba alitaka kufa. Hakuona tu kwa nini mtu akae mezani peke yake kula chakula cha adhabu, na alijua adhabu ile ni ya nini.

Nani alimpelekea Kahambu habari? Usiulize. Mfuko wa takataka ulishuka tena kutoka ghorofa ya nne, na safari hii, Mungu amlipe, ulikuwa na kazi. “Ya Sido eko na sukari,” Gracieuse alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na furaha ya kusema. “Na hakuli. Maman Hadassa, ule mama hakuli.”

Kahambu alifunga mlango. Siku ile hakufanya lolote. Kesho yake, Jumapili, baada ya misa, Sidonie alisikia mtu mlangoni. Hakuwa na nguvu ya kutambua ni nani, akafungua.

Walitazamana. Kahambu alikuwa amepungua zaidi, kitambaa cheusi kinamning'inia mabegani. Alikuwa na aproni, na mikono yake ilikuwa na maji.

“Nimekuya kuuliza kintu moja,” alisema. “Batu balisema alikuwa anabisha kwako. Baada ya siye kugombana.”

“Alibisha.”

“Na haukufungua.”

“Sikufungua.” Sidonie alitazama kitasa. “Niliapa, maman. Mbele ya batu. Na ile siku ya mwisho nilimuona. Nilimuona mugongo, nikazani ni pombe. Nilifunga na huu mukono.”

Kahambu hakutikisika. “Alisema nini? Akibisha, alisema nini?”

Sidonie alikuwa amelibeba lile neno tangu siku ile, hata Hénock hakumwambia. “Alisema, sikukuya kula. Nimekuya kuikala tu.”

Mtoto alikuwa anapigapiga mpira mahali fulani chini. Kahambu alifuta mikono yake kwenye aproni, ikakauka, akaendelea kuifuta.

“Kuikala tu,” alisema.

“Njo vile.”

“Miye nilikuwa nakula ku kazi, Ya Sido. Kusimama. Mabaki ya bale bazee: purée, gâteau, kintu yoyote. Yeye namupimia bien, namupikia bien, nafunga mu boîte, nakimbilia métro. Jioni nauliza: ulikula? Nilizani ni kama dawa. Mutu anamezaka dawa peke yake.” Akaiachia aproni. “Hata siku moja sikuikala chini nikule naye ile chakula. Hata kuionja. Sikujua iko na ladha gani.”

“Ulitaka apone.”

“Na weye ulitaka afurahi.” Hakulisema kwa uchungu, wala kwa kusamehe, alilisema kama mtu anayepanga vyombo. “Nimesikia na weye uko nayo sasa.”

“Inaanza tu, Claudine anasema.” Sidonie alijaribu kucheka, kicheko kikageuka njiani. “Nitakula kintu gani, maman? Nikishika kijiko namuona.”

“Na miye namuona.”

Mlango wa Kahambu, nyuma yake, ulikuwa wazi, na Sidonie, hata katika hali ile, alikuwa na pua ya Lubumbashi. Kitunguu saumu. Nyanya zilizoiva hadi kukubali. Lengalenga iliyotolewa motoni kabla haijapoteza rangi, na samaki wa kuchoma aliyekamuliwa ndimu, na chini ya yote maharage yenye tangawizi. Mafuta yalikuwa machache, aliweza kujua hilo akiwa amesimama pale. Lakini haikuwa harufu ya hospitali. Tumbo lake, ambalo alikuwa amelizika pamoja na Rigobert, liligeuka mara moja kama mtoto anayeamshwa, na alilionea aibu.

“Nimepika tangu asubuhi,” Kahambu alisema. “Vile nilikuwa namupikiaka, lakini nimeweka viungo, nimeonja, nimeongeza. Iko muzuri, Ya Sido. Hii yote ilikuwa inaweza kuwa muzuri. Nimetia mu sahani moja kubwa, nimeikala chini, nimenawa.” Aligeuka akatazama mlango wake. “Nimeshindwa kuanza.”

Sidonie hakujua aweke wapi mikono yake. “Maman Hadassa, si miye mutu ya kukula mu nyumba yako. Batu batasema nini?”

“Baseme. Balisemaka na kabla.” Kahambu alisogea pembeni, akaiacha nafasi ya mtu mmoja kupita kati yake na ukuta. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. “Yeye alibisha, sisi bote hatukumufungulia. Ingia, Ya yangu. Ingia tukule, ingali moto.”